Maji ya Rejeta: Namna ya Kuchagua Dawa ya Kupozea Injini Kuukuu

Mafundisho kwa watu wa Katanika na vijiji vya njia za Kalemie

Ewe msomaji, shamba lako laweza kuzaa vema. Muhogo waweza kukauka vizuri, mahindi yakajaa ghalani, na ndagala wakaanikwa mpaka wakawa wakavu kabisa. Lakini vitu hivyo havina bei mpaka vifike sokoni. Wachimbaji wa madini walio mbali ndani ya nchi wangojea chakula, na soko la Kalemie langojea pia. Kati ya shamba na soko iko njia, na juu ya njia iko motokari.

Motokari za vijiji vyetu si mpya. Mara nyingi watu kadha hukusanya fedha zao, wakanunua motokari kuukuu iliyokwisha kutembea miaka ishirini au thelathini. Hiyo si aibu. Motokari kuukuu ikitunzwa hufanya kazi nzuri. Lakini siku injini yake inapokufa njiani, hasara si ya wenyewe peke yao. Muhogo walowana na mvua, ndagala waoza, na mama mjamzito aliyelazwa juu ya magunia hafiki hospitali kwa wakati.

Injini nyingi zilizokufa ziliuawa na moto, kwa sababu maji yake yalikuwa mabaya au yalikwisha. Basi katika somo hili tutajifunza maji ya kutia ndani ya rejeta, dawa ya kuchanganya nayo, na namna ya kuichagua.

I. Kazi ya maji ndani ya injini

Injini huchoma mafuta ili igeuze magurudumu. Lakini kama theluthi ya moto wa mafuta hayo haifanyi kazi ya kugeuza magurudumu. Huingia katika chuma cha injini. Moto huo usipoondolewa, chuma hupindika, kichwa cha injini hupasuka, na kazi imekwisha.

Kwa hiyo maji huzunguka. Pampu huyasukuma ndani ya injini, yakachukua moto. Kisha yaenda katika rejeta, ambayo mafundi wengine wa kwetu huiita radiateri. Huko yapita katika vijiti vyembamba vyenye uwazi ndani, na upepo wa feni wayapoza. Halafu yarudi tena. Kama vijiti hivyo vimezibwa na kutu au ukoko, maji hayapozwi, hata feni ikizunguka kwa nguvu namna gani.

Tena kumbuka jambo la mahali petu. Uso wa ziwa Tanganyika uko juu ya bahari kwa meta 770 hivi. Pwani ya bahari maji huchemka kwa digrii 100, lakini Kalemie huchemka kwa digrii 97 tu. Ukipanda milima ya Marungu, penye meta 2000 na zaidi, huchemka kwa digrii 93. Kila meta 300 unazopanda, maji huchemka mapema kwa digrii 1 hivi. Basi motokari inayopanda mlima na mzigo ina taabu mbili: injini yatoa moto mwingi, na maji yachemka upesi.

Kifuniko cha rejeta husaidia hapa. Ndani yake mna springi inayobana maji yasichemke upesi. Kifuniko kizuri chenye alama ya 0.9 hufanya maji yapite digrii 115 kabla ya kuchemka. Kifuniko kilicholegea, au kitambaa kilichofungwa badala ya kifuniko, huondoa faida hiyo yote. Kabla ya kununua dawa yo yote, angalia kwanza kifuniko, na mpira wake kama haujapasuka.

II. Maji gani yafaa?

Mama wa nyumba ajua jambo hili kuliko fundi. Sufuria inayochemshiwa maji ya ziwa kila siku hufanya ukoko mweupe ndani. Ukoko huo ni chumvi za mawe zilizomo ndani ya maji, ambazo huwezi kuziona mpaka yamechemka. Maji ya ziwa Tanganyika yana magnesi karibu miligramu 40 katika kila lita, na chumvi nyingine pia. Kwa samaki ni mema, na kwa shamba hayana neno. Kwa injini ni mabaya, kwa kuwa ukoko ule ule wa sufuria hushika ndani ya rejeta, nao huzuia moto kutoka.

Maji ya mto Lukuga hutoka ziwani, basi yana chumvi zile zile, na wakati wa mvua yana matope zaidi. Maji ya mashimo ya madini ni mabaya kuliko yote. Mahali palipochimbwa makaa ya mawe au madini mengine, mara nyingi maji ya shimo yana ukali kama wa ndimu na chumvi za chuma. Hayo hula chuma kama mchwa alavyo mti. Usiyatie kamwe, ila kama huna maji mengine na injini iko katika hatari. Nayo uyamwage mara ufikapo.

Maji yaliyo mema ni maji ya mvua. Hayakupita juu ya mawe, basi hayana chumvi nyingi. Mvua zikianza, acha ya kwanza ioshe mavumbi ya bati. Kisha kinga maji katika chombo safi, yachuje kwa kitambaa safi, uyatie katika bidoni yenye kifuniko. Lita ishirini zilizowekwa vema zatosha motokari moja mpaka kiangazi kimekwisha.

Maji safi ya betri yauzwayo dukani yafaa pia, maana yamegeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji. Lakini angalia sana! Katika maduka mengine asidi ya betri nayo huitwa maji ya betri. Asidi hutoboa rejeta na kuunguza ngozi na macho. Uliza waziwazi, usome maneno ya chupa, na kama huna hakika, usinunue.

III. Dawa ya kupozea ni kitu gani?

Dawa hii ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya nchi za baridi. Huko maji yakigeuka barafu huvimba na kupasua injini. Wakaona kwamba kitu kiitwacho glikoli kikichanganywa na maji, maji hayagandi upesi. Mwaka 1927 dawa ya namna hiyo iliyoitwa Prestone ilianza kuuzwa Marekani.

Watu wengi husema, «Kalemie hakuna barafu. Dawa ya baridi ni ya nini?» Neno hilo lina akili, lakini halikutimia. Glikoli hufanya maji yachelewe kuchemka: nusu ya dawa na nusu ya maji huongeza digrii kama 7. Tena ndani ya dawa wametia vitu vya kuzuia kutu, na hivyo ndivyo sisi tunavyovitaka zaidi. Maji matupu hula chuma cha injini, hula alumini ya kichwa, na kuharibu pampu. Dawa nzuri huvifunika vyuma hivyo kwa ngozi nyembamba sana isiyoonekana.

Lakini usifikiri kwamba dawa nyingi sana ni bora zaidi. Glikoli tupu huchukua moto kidogo kuliko maji, tena ni nzito, haizunguki upesi. Mtu ajazaye rejeta kwa dawa tupu ametupa fedha, na injini yake itapata moto zaidi.

IV. Jua kwanza vyuma vya motokari yako

Dawa ziko za jamaa mbalimbali, na kila jamaa hupatana na vyuma vyake.

Jamaa ya kwanza ni ya zamani. Huzuia kutu kwa chumvi za madini, hasa ile iitwayo silikati. Hufanya kazi upesi, nayo yapatana na rejeta ya shaba nyekundu na shaba nyeupe iliyounganishwa kwa risasi. Lakini nguvu yake huisha mapema. Yapasa kuibadili kila miaka 2.

Jamaa ya pili ni ya asidi za namna ya mimea na mafuta, na ilienea tangu miaka ya 1990. Hukaa miaka 5 hivi, kama rejeta ni safi na imejaa daima. Ilifanywa hasa kwa injini mpya zenye rejeta za alumini. Katika motokari kuukuu sana, yenye maungio ya risasi na mipira ya kale, si vema kuitia bila shauri la kitabu cha motokari.

Jamaa ya tatu ni ya Wajapani, na motokari nyingi za njia zetu zatoka Japani. Wajapani hawakupenda silikati, kwa kuwa waliona inakwaruza mihuri ya pampu. Wakatia fosfati mahali pake. Wazungu wa Ulaya nao waliogopa fosfati, kwa sababu nchi nyingi za kwao zina maji yenye chumvi za mawe, na fosfati ikikutana na chumvi hizo hufanya tope. Basi angalia neno hili: mtu akitia dawa ya Kijapani pamoja na maji ya ziwa letu, atakuwa amefanya jambo lile lile ambalo Wazungu waliliogopa. Dawa ni njema, maji ni mabaya, na tope laziba rejeta.

Namna ya kuchagua ni hii. Kwanza tafuta kitabu cha motokari, au muulize fundi anayejua namna hiyo ya injini. Kitabu kikitaja dawa, fuata kitabu. Kama kitabu kimepotea, kwaruza rangi kidogo pembeni mwa rejeta kwa ncha ya kisu. Ukiona wekundu au manjano, ni shaba. Ukiona weupe, ni alumini. Rejeta ya shaba katika motokari ya zamani isiyo ya Kijapani, chagua jamaa ya kwanza. Motokari ya Kijapani, chagua dawa isiyo na silikati iliyoandikwa kuwa ni ya motokari za Kijapani, na uichanganye na maji ya mvua tu.

V. Rangi hudanganya

Mara nyingi mtu huenda dukani akasema, «Nipe ile nyekundu.» Hilo ni kosa. Rangi ni wino tu uliotiwa ili watu waone mahali panapovuja. Hakuna sheria moja ya dunia yote juu ya rangi. Mara nyingi jamaa ya kwanza huwa na rangi ya majani mabichi au buluu, lakini si daima. Nyekundu ya Toyota ya zamani si sawa na nyekundu ya Volkswagen: ya kwanza ina fosfati, ya pili ni ya asidi za jamaa mpya.

Tena usichanganye jamaa mbili ndani ya rejeta moja. Watu wa Ulaya walipoongeza dawa nyekundu mpya ya Volkswagen juu ya ile ya buluu ya zamani, ilitokea tope la kahawia. Hata kama tope halikutokea, kila jamaa huidhoofisha nyingine. Ukinunua motokari ya mtu, nawe hujui alitia nini, mwaga yote, osha, anza upya.

VI. Namna ya kupima dawa kabla ya kulipa

Watu wabaya wako ambao hutia wino katika maji na kuyauza kama dawa. Usionje! Dawa ya kweli ni sumu. Tumia mizani.

Glikoli ni nzito kuliko maji. Lita 1 ya maji ni gramu 1000. Lita 1 ya dawa kamili isiyochanganywa ni gramu 1110 hivi. Lita 1 ya dawa iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu ni gramu 1070 hivi. Katika nchi yenye madini, mizani midogo ya wanunuzi wa dhahabu si haba. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta mililita 10 za dawa, uzipime. Maji yatakuwa gramu 10. Dawa kamili itakuwa gramu 11 na zaidi kidogo. Ukipata gramu 10 tu, umeuziwa maji ya rangi. Bomba hilo lisitumiwe tena kwa mtu wala mnyama, livunje ulitupe.

Lakini jua kwamba mizani hufunua maji matupu tu. Haiwezi kukuambia kama dawa ya kuzuia kutu imo. Kwa hiyo nunua kwa mtu unayemjua, na kopo ambalo muhuri wake haujavunjwa.

Soma na maneno ya Kifaransa ya kopo. Likisema concentré, ni dawa kamili, yataka maji. Likisema prêt à l'emploi, imekwisha kuchanganywa, usiiongeze maji.

VII. Kuosha, kuchanganya na kujaza

1. Fanya kazi hii asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa.

2. Weka beseni chini. Fungua kifuniko, kisha kizibo cha chini cha rejeta. Maji machafu yote yaingie katika beseni.

3. Jaza maji ya mvua, washa injini mpaka ipate moto, izime, ngoja ipoe, mwaga tena. Fanya hivyo mpaka maji yatoke meupe. Usitie sabuni ya unga wala dawa ya kufulia.

4. Pima maji yanayoingia katika injini yote. Kwa nchi yetu isiyo na barafu, sehemu 1 ya dawa kamili na sehemu 2 za maji ya mvua zatosha kuzuia kutu. Tuseme injini na rejeta huchukua lita 12: basi dawa lita 4, maji lita 8. Kama motokari hupanda milima mirefu kila mara, weka nusu kwa nusu: dawa 6, maji 6. Dawa ikiwa chini ya theluthi, haina nguvu.

5. Changanya nje, katika chombo safi, kisha tia polepole. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, ili hewa itoke. Maji yakishuka, ongeza. Halafu funga.

6. Andika tarehe na jina la dawa juu ya karatasi, uibandike ndani ya boneti. Dereva mwingine atajua aongeze nini.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, angalia maji. Yakiwa na rangi ya kutu, dawa imekufa. Yakiwa meupe kama maziwa, au yakiwa na mafuta juu, pengine gasketi ya kichwa imepasuka: usisafiri, mwite fundi. Usitie unga, yai, wala tumbaku ili kuziba tundu la rejeta. Vitu hivyo huziba na vijiti vizima. Mpe fundi alichome kwa risasi.

Mafundi wengine hutoa thamostati wakisema inazuia maji. Thamostati mbovu ibadilishwe. Injini isiyo nayo hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta mengi na kuchakaa upesi.

VIII. Ikichemka njiani

Simama mara moja. Usiseme, «Nitafika kijiji cha mbele.» Mwendo wa dakika chache waweza kupindisha kichwa cha injini, na bei ya kichwa ni bei ya makopo mengi sana ya dawa.

Zima injini, fungua boneti, ngoja nusu saa au zaidi. Usifungue kifuniko kingali na moto, maana maji huruka na kuunguza uso. Ukiweza kushika mpira wa juu wa rejeta bila kuumia, weka kitambaa kizito, legeza kidogo, mvuke utoke, kisha fungua. Usimwage maji baridi katika injini iliyokauka yenye moto. Chuma hupasuka kama chungu. Ikipoa, washa injini, tia maji polepole. Ukiwa na bidoni ya maji uliyochanganya nyumbani, wakati huo utajua faida yake.

IX. Dawa hii ni sumu

Glikoli ina utamu, na ndiyo hatari yake. Mtoto akipata kopo wazi atakunywa. Mbuzi na mbwa vile vile. Mtu aliyekunywa huonekana kwanza kama amelewa, kisha mafigo yake yaharibika, na aweza kufa. Mpeleke hospitali upesi, hata kama asema hajambo, na uchukue kopo ili mganga alione.

Weka dawa juu, mahali pasipofikiwa na watoto. Kopo lililokwisha usilitie maji ya kunywa, wala mafuta ya mawese, wala pombe, litoboe. Dawa iliyomwagwa katika beseni usiiache uani, wala usiitupe katika Lukuga au karibu na kisima. Itie katika bidoni yenye alama, ufunge, na umpe fundi mwenye gereji akuweke pamoja na mafuta machafu.

Maulizo

1. Kwa nini maji huchemka mapema juu ya mlima?
2. Kwa nini dawa ya Kijapani haipatani na maji ya ziwa?
3. Utajuaje kama rejeta yako ni ya shaba au ya alumini?
4. Kwa nini rangi ya dawa si kiongozi?
5. Mililita 10 za dawa kamili zina uzito gani?
6. Injini yachukua lita 15. Ukitaka sehemu 1 ya dawa na sehemu 2 za maji, utatia lita ngapi za kila kimoja?
7. Utafanya nini mtoto akinywa dawa hii?

Yasome maneno haya pamoja na wenzako mliochanga fedha ya motokari, na dereva wenu awepo. Kisha, kabla ya safari ijayo, fungueni boneti wote pamoja, injini ikiwa baridi, mtazame maji yenu yana rangi gani.